Ori ni Ipi? Historia ya Ampu Zilizozaliwa Mara Mbili

Kabla Mkenya hajauliza bei, huuliza kwanza: hii ni ori? Friji ya ex-UK iliyofanya kazi miaka kumi kwenye jikoni la mtu Birmingham huuzwa kwa sifa kuliko mpya ambayo bado iko na nailoni yake. Ukienda Gikomba, nguo ya kamera ni ile inayochaguliwa kwanza belo likifunguliwa, na hakuna anayejali nani aliivaa jana. Soko limetufunza kwamba kipya huenda kikawa feki, na kwamba cha zamani kilichotoka kwao kilitengenezwa na watu waliokuwa na muda wa kukitengeneza.

Imani hiyo hiyo nimeikuta kwa wapiga gitaa wa rock na metal. Kwao ori ni amplifaya, au ampu kama tunavyoiita, iliyoundwa Uingereza au Marekani kati ya miaka ya 70 na mwanzo wa miaka ya 90. Kampuni zilezile zikiirudisha sokoni miaka ishirini au arobaini baadaye, kwa jina lilelile na sura ileile, msee anakunja uso: "Hiyo ni ya marudio tu."

Kwa asiyezijua: ampu ya geini ya juu huchukua sauti ndogo ya nyuzi na kuipitisha kwenye vali, vile vichupa vya glasi vinavyong'aa rangi ya chungwa, hatua baada ya hatua, mpaka sauti inazidi kile vali inaweza kubeba. Ikizidi, mawimbi yake yanakatwa vichwa. Kule kukatwa ndiko tunakoskia kama mkwaruzo, ule mngurumo mzito unaokaa kifuani. Bila huo mkwaruzo hakuna metal.

Nimepiga gitaa kwenye bendi za Nairobi zaidi ya miaka kumi, kwenye baa, kwenye bustani, hata juu ya lori. Mjadala wa ori na marudio nimeuskia backstage kuliko nilivyoskia watu wakitune gitaa. Naona ni swali la maana, kwa sababu chini yake kuna pesa, na pesa ndiyo huamua nani atapanda jukwaani. Lakini ukiufuata nyuma mwaka kwa mwaka, unagundua kitu: katika ukoo huu wa mashine, karibu kila ori ilianza ikiwa nakala ya kitu kingine.

Duka la Hanwell

Mwaka 1962 Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma, mwenye duka la ala za muziki Hanwell, magharibi mwa London. Vijana walioingia dukani walitaka ampu za Fender kutoka Marekani, lakini ikishafika Uingereza bei ilikuwa imewashinda. Hadithi hiyo hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Marshall na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, wakafanya kile ambacho fundi yeyote wa Luthuli Avenue angefanya. Walichukua saketi ya Fender Bassman, wakaisoma, wakaijenga upya kwa vipuri walivyoweza kupata kwao. Wakaiita JTM45.

Saketi ilikuwa karibu ileile. Vipuri ndivyo vilivyotofautiana: transfoma za Kiingereza, vali nyingine, na spika nne za Celestion ndani ya kabati lililozibwa nyuma, wakati Bassman ilikuwa wazi nyuma. Tofauti hizo ndogo zikazaa sauti ambayo Leo Fender hakuipanga. Kwa hivyo mashine iliyoanzisha jina la Marshall, ambayo leo mtu akiipata stoo anaweza kununua gari nayo, kwa lugha ya mtaa ilikuwa kopi.

Miaka ya 60 ikazidi kupiga kelele. Pete Townshend wa The Who alitaka nguvu zaidi, Marshall wakajenga ampu za wati 100. Hizo zilikuwa na shida moja: ili zikwaruze, lazima uzifungue mpaka mwisho, na zikifunguliwa mpaka mwisho hakuna ukumbi mdogo unaozistahimili. California, Randall Smith wa Mesa alikuwa ameshapata njia nyingine. Alikuwa akifungua ampu ndogo za Fender na kuongeza hatua za geini mbele, ili mkwaruzo utoke hata sauti ikiwa chini. Carlos Santana alikuwa miongoni mwa waliozijaribu mapema.

Jibu la Marshall lilikuja 1975: 2203, wati 100, na nobu mbili za sauti badala ya moja. Ya kwanza inaamua sauti itakwaruzwa kiasi gani. Ya pili, masta, inaamua kelele kiasi gani itafika kwenye spika. Ndani, nusu mbili za vali ya kwanza, ambazo zamani kila moja ilikuwa na chaneli yake, zilipangwa foleni, moja ikiilisha nyingine.

Mwaka 1981, mkataba wa miaka 15 na wasambazaji wa Rose-Morris ukiwa umefika mwisho, Jim Marshall akabadilisha sura ya bidhaa zake. Paneli mpya, herufi mpya, jina jipya: JCM800. JCM ni James Charles Marshall, na 800, kwa jinsi inavyosimuliwa na kampuni, ilitoka kwenye namba ya gari lake. Ndani ya boksi saketi ya 2203 ilibaki karibu vile ilivyokuwa 1975. Yaani ile JCM800 ambayo mashabiki wa metal ya miaka ya 80 wanaitaja kama mtume, ilitoka kiwandani ikiwa mashine ya miaka sita iliyovaa suti mpya.

Kisha kuna suala la ori ipi. Wasambazaji wa Marshall kule Marekani, Unicord, walipendelea vali aina ya 6550 kwenye hatua ya mwisho, kwa sababu zilikuwa ngumu kuliko EL34 zilizotumika Uingereza. Vali hizo mbili hazisemi lugha moja. EL34 huanza kukwaruza mapema na kubweka katikati ya sauti. 6550 hukaa safi kwa muda mrefu na besi yake ni ngumu kama meza. Kwa hivyo mwaka 1983 kijana wa Manchester na kijana wa New Jersey wangeweza kununua 2203 kila mmoja, zote ori, na kila mmoja akaskia kitu tofauti. Marshall waliporudisha 2203 sokoni mwaka 2002, waliweka EL34. Mmarekani aliyekulia na 6550 akasema marudio hayasikiki kama ori. Alikuwa anasema ukweli, lakini alikuwa anailinganisha na ori ya kwao tu.

Na wale wanaoamini kwamba za zamani zilifungwa waya kwa mkono: 2203 ilitumia bodi ya saketi iliyochapishwa tangu siku ya kwanza. Kufunga kila kipuri kwa mkono kwenye ubao ni sifa ya Marshall za miaka ya 60 na mwanzo wa 70. Ukiinunua JCM800 ya 1984 ukidhani unanunua mikono ya fundi, unanunua kiwanda.

Logbook na injini

Fikiria matatu iliyosajiliwa miaka ishirini iliyopita. Injini imebadilishwa mara mbili, giaboksi ni ya gari lingine, viti vimeshonwa upya, bodi imeundwa na mafundi mara tatu. Logbook ni ileile. Je, hiyo ni gari ya zamani?

Ampu ya vali ya miaka arobaini ni matatu ya namna hiyo. Vali huchakaa kama tairi. Kapasita za kusafisha umeme hukauka, na fundi makini huzibadilisha kabla hazijapasuka. Rezista husogea polepole kutoka thamani zilizoandikwa juu yake. Zaidi ya hapo, miaka ya 80 ilikuwa msimu wa kufungua ampu. Los Angeles kulikuwa na mafundi waliojulikana kwa kuiongezea Marshall geini. José Arredondo ni jina linalotajwa hadi leo. Ampu nyingi zinazouzwa sasa kama ori zimepitia mikono ya fundi mmoja aliyeongeza kitu, na mwingine aliyekiondoa ili bei ipande.

Mfano ninaoupenda ni wa Slash. Albamu ya Appetite for Destruction ilitoka 1987, na sauti ya gitaa lake ikawa kipimo cha kizazi kizima. Ampu iliyotumika kurekodi haikuwa yake. Ilikuwa Marshall ya kukodi kutoka Studio Instrument Rentals ya Los Angeles, ambayo tayari ilikuwa imefunguliwa na kuongezwa geini. Zaidi ya miaka ishirini baadaye Marshall wakatoa AFD100, toleo lililojaribu kuirudisha sauti hiyo. Hebu iangalie vizuri: kampuni ikirudia kazi ya fundi aliyeibadilisha kazi ya kampuni, ambayo mwanzo ilikuwa imetokana na kazi ya kampuni nyingine. Hapo nani ana ori?

Jina linapohama nyumba

Mwaka huohuo wa 1987, Mike Soldano alitoa SLO-100, ampu iliyopanga hatua za geini kwa ufundi ambao wengine waliusoma haraka. Eddie Van Halen alikuwa mmoja wa walioitumia, kisha akaingia na kampuni ya Peavey ya Meridian, Mississippi, kutengeneza ampu yake mwenyewe pamoja na mhandisi James Brown. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 90 kwa jina 5150, jina ambalo Van Halen alikuwa ameshalipa studio yake na albamu yao ya 1986. Lenyewe lilitoka kwenye kifungu cha sheria ya California kinachoruhusu mtu mwenye shida ya akili kuzuiliwa hospitalini.

Fundi akiifungua 5150 na SLO ataona ukoo, kama vile shangazi anavyomtambua mtoto kwa paji la uso. Lakini Peavey waliiuza kwa bei ambayo bendi za vijana zingeweza kujikaza na kuimudu. Bendi za metal zikaibeba, na kwa miaka kumi iliyofuata ikawa sauti ya metal nzito kwenye rekodi nyingi za Marekani na Ulaya.

Mwaka 2004 Van Halen na Peavey wakaachana. Jina likaenda na mwenyewe, mashine ikabaki kiwandani. Peavey wakaibatiza 6505, ishara ya miaka yao 40, 1965 hadi 2005. Van Halen akaenda na jina lake kwa Fender, na mwaka 2007 ikatoka 5150 III chini ya nembo ya EVH, ikiwa na saketi mpya. Sasa chagua. Moja ina saketi ya zamani na jina jipya. Nyingine ina jina la zamani na saketi mpya. Mtu anayetafuta ori kwa kusoma nembo mbele ya boksi atarudi nyumbani na mashine isiyo ile aliyoiskia kwenye kaseti.

Hata ndani ya 5150 za mwanzo kuna tabaka. Zile za kwanza kabisa zina nembo ya herufi za boksi. Zilizofuata zina sahihi ya Van Halen. Za boksi zinauzwa ghali zaidi, na wapenzi wake wanaapa zinapiga tofauti. Kuna sababu moja ya kawaida sana: vali. Za mapema zilitoka na 6L6 za Sylvania za Marekani, vali ambazo baadaye zilikwisha sokoni. Chomoa vali hizo, kama ambavyo wengi wameshafanya katika miaka thelathini, na sehemu kubwa ya hiyo tofauti unaibeba mfukoni.

Alama ya kujumlisha

Kama kuna ampu ya geini ya juu ambayo watu wameifanya takatifu, ni Mesa/Boogie Mark IIC+. Ilitengenezwa kwa muda mfupi katikati ya miaka ya 80, na wanaoitafuta huanza kwa kuigeuza nyuma: karibu na waya wa umeme kuna alama ndogo ya kujumlisha iliyoandikwa kwa kalamu. Alama hiyo ya mkono inaweza kubeba maelfu ya dola. Metallica waliitumia kwenye Master of Puppets ya 1986, na hapo hadithi ikafungwa muhuri.

Mesa ilinunuliwa na Gibson mwaka 2021. Mwaka 2024 IIC+ ikarudi sokoni, mpya, na garantii. Vijana waliokuwa wakiangalia picha zake tu sasa wangeweza kuiagiza, kama wana doo.

Lakini waliofanya ampu hiyo kuwa hadithi walikuwa wameshaenda mbele. Desemba 2013 Metallica walipiga shoo Antaktika, kwenye kituo cha Argentina cha Carlini. Watazamaji walivaa hedifoni ili kelele isisumbue mazingira, kwa hivyo kabati za spika zinazonguruma hazikuwa na kazi hapo. Walitumia Axe-Fx ya Fractal, kompyuta inayoiga ampu, na mashine za aina hiyo zikaendelea kuwa nao jukwaani hata penye watazamaji elfu hamsini. Mtu anayekuambia huwezi kupiga riff za Metallica laivu bila IIC+ ya 1985 ana masharti magumu kuliko Metallica wenyewe.

Siku moja na 2203 mbili

Historia ni sawa, lakini jukwaa linauliza maswali yake. Mwaka jana nilipata siku nzima na 2203 mbili kwenye chumba cha mazoezi: ya mwanzo wa miaka ya 80, iliyokuja na mzee mmoja aliporudi kutoka Uingereza, na ya marudio, ya kukodi. Gitaa moja, waya mmoja, kabati moja la spika nne. Tulihamisha waya wa spika kutoka kichwa kimoja hadi kingine, ampu zikiwa zimezimwa, maana ampu ya vali isiyo na spika inaweza kujiua.

Tulipokuwa peke yetu na gitaa, tofauti ilikuwepo. Ya zamani ilikuwa na mguso laini kidogo pale pick inapogonga uzi, kama inavuta pumzi kabla ya kujibu. Ya marudio ilikuwa na makali juu, na ilijibu papo hapo. Nilipunguza treble yake kidogo sana, zikasogeleana. Ya zamani pia ilikuwa na mlio wa chini usioisha, ule wa kapasita zilizochoka, ambao ukisimama mbele ya mikrofoni unakuwa memba wa bendi.

Kisha tukabadilisha kabati, tukaleta lingine lenye spika tofauti. Hapo kila mtu chumbani aliinua kichwa. Tofauti ya kabati mbili ilikuwa kubwa kuliko ya ampu mbili, tena kwa mbali. Mwisho tukamwita mpiga ngoma na mpiga besi, tukapiga nyimbo zetu tatu kwa kila ampu. Baada ya ubeti wa kwanza hata mimi niliyekuwa nimeshika gitaa sikuwa najali iko ipi nyuma yangu.

Kilichonifanya nichague kwa shoo ni vitu ambavyo hakuna anayeviandikia mashairi. Ya marudio ina lupu ya efekti, yaani mlango wa kuingiza mwangwi baada ya sauti kukwaruzwa. Ya zamani haina, na mwangwi ukiingizwa mbele ya geini yote hiyo unageuka uji. Kutoboa ampu ya miaka arobaini ili kuiwekea lupu ni kuipunguzia bei na kumkasirisha mzee.

Ila za zamani zina ushindi wao pia. Kwenye nyingi kati yake, soketi za vali na nobu zimefungwa kwenye chuma na kuunganishwa kwa waya. Kwenye matoleo mengi ya marudio vitu hivyo vimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Soketi ikiungua, fundi wetu atabadilisha ya kwanza mchana mmoja. Kwa ya pili lazima ang'oe bodi nzima, na joto la vali likiwa limeikausha kwa miaka, inaweza kupasuka mikononi mwake. Transfoma nyingi za zamani pia zimethibitisha uimara wake kwa njia moja tu isiyodanganya: bado ziko hai.

Na ziwe za zamani au mpya, wati 100 ni wati 100. Ampu ya wati 50 inapungukiwa na desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Kwenye baa ya watu themanini, zote zitakaa na masta karibu na moja, fundi wa sauti ataweka mikrofoni mbele ya spika moja, na kinachofika kwa mteja ni kile mikrofoni imekamata. Kile kiti cha heshima ambapo ori inasikika kwa utamu wake wote kipo hatua mbili mbele ya kabati. Hakuna aliyelipa kiingilio anayesimama hapo.

Stima yetu, vali za wengine

Kwetu kuna swali jingine ambalo majarida ya nje hayalijibu: hiyo ampu inakula umeme gani? Stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50. Marshall ya Uingereza inakuja imezoea. Mesa au Peavey iliyouzwa Marekani inategemea volti 120 na hezi 60. Binamu akikuletea moja kutoka Atlanta, utahitaji stepdown yenye nguvu za kutosha, mzigo mwingine kwenye boda, na hata hapo transfoma iliyopimiwa hezi 60 hupata joto zaidi kwenye 50. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, kwa bahati nzuri utapoteza fyuzi tu. Tena usiifungue mwenyewe: ndani kuna zaidi ya volti 400, na kapasita zinaweza kuzishika hata baada ya waya kuchomolewa.

Vali nazo hazitoki karibu. Kiwanda cha Mullard huko Blackburn, Uingereza, ambacho vali zake zinasakwa kama dhahabu, kiliacha kuzitengeneza miaka ya 80. Leo ukinunua vali mpya iliyoandikwa Mullard, imetoka Saratov, Urusi, kwa sababu kampuni ya Mike Matthews wa Electro-Harmonix ina kiwanda huko na inamiliki jina hilo. Jina nalo limerudiwa. Machi 2022, wiki chache baada ya vita vya Ukraine kuanza, Matthews alitangaza kwamba Urusi imezuia vali hizo kutoka nje ya nchi. Wapiga gitaa dunia nzima wakakimbilia kununua kila kilichobaki kutoka JJ ya Slovakia na kwingineko, kabla ya biashara kurudi polepole. Kwa wiki hizo, mwenye ori na mwenye marudio walisimama foleni moja.

Ampu isiyotoka nyumbani

Nina rafiki anayepiga gitaa kuniliko. Aliamua kwamba hatapiga tena laivu mpaka apate ori ya miaka ya 80, akaweka akiba kwa miaka mitatu. Shoo zilizokuja katikati alizikataa, hakutaka kusikika na ampu ya kukodi. Bendi ilimngoja, kisha ikatafuta mtu mwingine. Ampu ilipofika ilikuwa na thamani kuliko malipo ya shoo zake zote alizowahi kupiga, kwa hivyo haitoki nyumbani. Iko sebuleni, imefunikwa kitambaa, kwenye ghorofa ambako hawezi kuipandisha masta juu ya moja bila keyateka kubisha.

Simcheki. Naelewa mvuto wa kitu kilichokuwepo wakati ule, chenye mikwaruzo ya safari za watu wengine. Kama una uwezo na una fundi, ori ni kitu kizuri cha kumiliki, na studio, ambako sikio liko karibu na muda upo, ule mguso wake laini unaweza kuwa na maana. Lakini ukiisoma historia yake unaona kwamba heshima tunayoipa ni ya kichwa chini. Jim Marshall alinakili kwa sababu Fender ilikuwa ghali. Slash alirekodi kwa ampu ya kukodi. Bendi zilizochukua 5150 ziliichukua pia kwa sababu zingeweza kuilipia. Kila mmoja wao alitumia kile alichofikia, akakisukuma mpaka kikalia, na sisi tuliokuja baadaye ndio tulikipa jina la ori.

Ushauri wangu kwa dogo anayeanza sasa ni mfupi. Uliza kama inakubali stima yetu, kama fundi wako anaweza kuifungua na kuifunga, kama utaweza kuibeba ngazi za baa saa nane usiku, na kama ikiibwa utalia siku moja au mwaka mzima. Ikipita hapo, ichomeke. Baada ya nyimbo kumi, kama watu wamepiga makofi, hakuna atakayekuja kuigeuza nyuma kutafuta alama ya kujumlisha.